Hatunaye

Mtaa mzima ulimwita mama yangu mkubwa Mama Sumaku, na kama ulitaka kumkasirisha bila kumtukana, ilitosha kusema "Sumaku alikuwa." Ukisema Sumaku alikuwa mrefu, anakusimamisha hapo hapo. "Alikuwa? Kwani amefupika?" Ukisema alikuwa anapenda chai yenye sukari nyingi, anakuuliza nani amekuambia ameacha. Wageni walidhani ni utani. Sisi wa nyumbani tulijua si utani, tukajifunza kuuma ulimi. Mimi ni msusi, nina saluni yangu, na kazi ya saluni nusu yake ni mdomo, lakini nikivuka kizingiti cha mama mkubwa nilichunga kila neno kabla halijanitoka.

Sumaku ni mwanawe wa pekee, kwa hiyo ni kaka yangu. Jina hilo alilipata uwanjani, maana mpira ukipigwa langoni kwake uliganda mikononi. Mwaka ule timu ya mji ilipochukua kombe, yeye ndiye aliyedaka penalti ya mwisho. Watu walimbeba mabegani kutoka uwanjani hadi katikati ya mji, kiatu kimoja kikamchomoka njiani, akafika nyumbani anachechemea kwa furaha na mguu mmoja wazi. Muda si mrefu akaja wakala, mtu wa tabasamu na mkoba, akasema kuna timu ng'ambo inatafuta golikipa. Sumaku akaondoka na begi moja. Alipiga simu akiwa njiani, akapiga tena kusema wamefika mahali wanasubiri gari jingine, na kuanzia hapo simu ikawa inajibiwa na yule mwanamke wa mashine: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Mama mkubwa aliyashikilia hayo maneno mawili ya mwisho. "Umesikia? Kwa sasa. Hajasema hapatikani kabisa." Miaka ikapita, namba yenyewe ikafungwa, yeye bado anasubiri hiyo kwa sasa iishe.

Nitasema wazi: nilimchukia Sumaku kwa kunyamaza kwake, halafu nikajichukia kwa kumchukia mtu ambaye huenda hana tena mdomo wa kunijibu. Taabu ya mtu aliyepotea ni hiyo. Huna hata uhakika kama una haki ya kumkasirikia.

Kazi ya mama mkubwa ni kupiga pasi. Mashuka ya hoteli, mashati ya watu wa ofisini, magauni ya harusi, vyote vilipita kwenye chumba chake cha nyuma, kwenye meza ndefu aliyoitandika blanketi la zamani na kulifunika shuka jeupe. Hewa ya mle ndani ilikuwa ya mvuke na wanga, ukikaa kidogo nywele zako zinalala zenyewe. Shati alianza na kola, siku zote kola, kwa upande wa ndani kwanza, akivuta ncha kwa kidole huku pasi ikimfuata kidole bila kukigusa. Alijua wateja kwa mikunjo yao. "Huyu siku hizi analala ofisini," angesema akigeuza shati mgongo, na kweli baada ya wiki mbili tunasikia mke amerudi kwao.

Mumewe, yaani baba mkubwa, ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yao, kimejaa magurudumu yaliyoning'inia na makopo ya misumari. Ni mtu ambaye ukimsalimia asubuhi, jibu unaweza kulipata mchana. Mama mkubwa alisema alimchagua kwa sababu alitaka nyumba iwe na msemaji mmoja tu, na nafasi hiyo alikuwa tayari ameshaichukua.

Makumbusho ya mji yalipokaribia kufunguliwa, redio ikatangaza kwamba wenye picha za zamani wazipeleke zinakiliwe. Picha ya Sumaku mabegani mwa watu ilikuwa imetundikwa sebuleni, juu ya redio. Mama mkubwa aliitoa ukutani mwenyewe, akaifuta vumbi, akaivingirisha kwenye taulo. Alitaka kuipeleka kwa mkono wake, lakini siku hiyo mashuka ya hoteli yalikuwa yamerundikana hadi mlangoni, hivyo akamkabidhi mumewe. "Uwaambie ni mtoto wa nani," alimwagiza. "Na uwaambie wasiikwaruze." Baba mkubwa akaifunga nyuma ya baiskeli akaenda nayo. Jioni picha ikarudi salama, ikatundikwa pale pale, na sisi tukawa tunahesabu tu siku ya kwenda kumwona Sumaku wetu kwenye ukuta wa serikali.

Siku ya ufunguzi baba mkubwa alisema goti linamsumbua. Mama mkubwa hakubishana naye, alikuwa na haraka. Alivaa gauni lake la bluu, alilolipiga pasi hadi nikaogopa kukaa karibu naye. Nilifunga saluni, tukaenda.

Jumba lenyewe lilikuwa ghala tangu tunapata akili, sasa limepakwa rangi nyeupe ndani na nje, limewekwa taa za kumulika na viyoyozi, na bado linanuka rangi mbichi. Mheshimiwa aliyekata utepe alizungumza kirefu juu ya urithi wetu. Mtaa wetu ulikuwa hauna maji tangu juzi yake, kwa hiyo niliusikiliza huo urithi nikiwa na kiu. Halafu milango ikafunguliwa, watu tukamiminika ndani.

Sitasema uongo, palipendeza. Kulikuwa na viti vya sinema ya zamani, simu za kukoroga, teksi nzima imeingizwa sijui kwa mlango gani. Na ndani ya kabati la kioo kulikuwa na pasi ya mkaa, imewekwa juu ya kitambaa chekundu na kumulikwa taa yake peke yake. Chini yake kibao kilisema: Pasi ya mkaa, iliyotumiwa na akina mama wa mji huu zamani.

Mama mkubwa alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. "Zamani ya lini?" akauliza. "Si umeme ulikatika jana tu?" Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea kioo, mlinzi akaja kutuambia kioo hakiegemewi, naye akazidi kucheka. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu, na hadi leo nikikikumbuka kicheko kile roho inaniuma.

Chumba cha michezo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Picha za timu ile ya kombe zilijaa ukuta mzima, zimekuzwa, na kila mchezaji ana kibao chake cha maelezo. Tulianza upande wa kushoto. Kocha: sasa amestaafu na anafuga kuku. Winga: sasa ana duka la vipuri vya magari. Nahodha: sasa ni diwani. "Ndiyo maana hatuna maji," mama mkubwa akasema, "hata mpira alikuwa hapendi kutoa pasi." Watu waliokuwa karibu wakacheka, naye akafurahia kuchekesha, akasimama kusalimiana na mtu aliyemfahamu. Mimi nikatangulia.

Picha ya Sumaku ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilikiona kibao kabla sijaiangalia picha vizuri. Marehemu Sumaku, golikipa, akiwa amebebwa na mashabiki baada ya kudaka penalti ya mwisho.

Nilijigeuza, nikakipa kibao mgongo, nikapanua mabega. Mama mkubwa alikuwa anakuja. Nikamwambia twende kwanza chumba cha pili, kuna vyerehani.

"Vyerehani navijua," alisema. "Toka hapo, unamziba mwanangu."

Nikatoka. Ningefanya nini? Aliitazama picha kwanza, kwa muda mrefu, kichwa amekilaza upande kama anavyotazama shati lililonyooka. Aliangalia mguu usio na kiatu. Kisha akainama kwenye kibao, midomo ikicheza kidogo anaposoma. Mimi nilikuwa nimenyoosha mikono nyuma yake nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Aliinuka akasema, "Wamekosea," kwa sauti ile ile anayomjibu mteja aliyeona doa lisilokuwepo.

Aliyeandika vibao alikuwa msichana mwembamba mwenye kadi shingoni, na mlinzi alituonyesha. Mama mkubwa akamfuata kwa upole, maana alikuwa na hakika ya mambo yake.

"Mwanangu, ni wewe uliyeandika haya ya ukutani?"

"Ndiyo, mama. Karibuni sana."

"Kazi nzuri, hongera. Ila pale kwa golikipa pana kosa. Yule si marehemu."

Msichana akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake mzazi."

Yule binti alinitupia jicho mimi, kana kwamba namwekea akiba jibu la kumsaidia. "Mama," akasema taratibu, "neno lile siliandiki kwa kubahatisha. Kila aliyeleta picha nilimuuliza wachezaji wako wapi siku hizi. Mzee aliyeleta hii nilimuuliza, huyu kijana yupo? Akaniambia, hatunaye."

"Hatunaye," mama mkubwa akarudia. "Sasa si kweli? Yuko nyumbani? Hayuko. Kwa hiyo hatunaye. Hapo kifo kimeingilia wapi?"

"Mama, mtu akisema hatunaye..." Hakumaliza, na hakukuwa na haja ya kumaliza. Sote tunajua mtu akisema hatunaye ana maana gani. Nilitaka kumkoromea yule msichana, nimshushie yote niliyokuwa nimeyabana, lakini nilijua amefanya kwa adabu tu. Angemuuliza mzee wa watu, "Amekufa?" mimi mwenyewe ningesema hakulelewa.

"Nikampa pole," msichana akaendelea, sauti imeshuka. "Nikamwambia, pole sana, baba. Akanijibu, ahsante, mwanangu."

"Alisema ahsante?"

"Ndiyo, mama. Akakaa pale kwenye kiti. Nikamletea maji."

Hadi dakika ile lilikuwa kosa la maandishi, kitu cha kufuta na kuandika upya. Sasa lilikuwa limeingia nyumbani kwake. Alifunga mkoba wake na kutoka, na mimi nyuma, na njia nzima alitembea mbele yangu bila kugeuka.

Baba mkubwa alikuwa amepindua baiskeli ya mteja juu chini, anakaza njiti za gurudumu. Alipotuona aliinama zaidi kwenye kazi yake. Alijua.

"Baba Sumaku, ulimwambia nini yule msichana wa makumbusho?"

"Hili goti langu..."

"Sijauliza goti."

Alilizuia gurudumu kwa kiganja, likasimama. "Aliniuliza kama yupo. Nikasema hatunaye. Nilikuwa na maana hiyo tu, mama Sumaku, kwamba hatunaye. Halafu akanipa pole."

"Na wewe ukaipokea."

"Nikaipokea."

"Hukumwambia amekosea?"

Sijawahi kumsikia baba mkubwa akisema maneno mengi mfululizo, si kabla ya siku ile wala baadaye. "Tangu aondoke yule, hakuna mtu aliyewahi kunipa pole," alisema. "Watu wanapita hapa wananiuliza ana habari gani. Wananiambia atarudi, tusikate tamaa. Wakiondoka nabaki na spana mkononi sijui nilikuwa nafunga nini. Yule mtoto alinitazama usoni akasema, pole sana, baba. Nikakuta nimekaa kitini, nalia. Nimelia pale kwa watu nisiowajua, nimekunywa maji, nimepanda baiskeli nimerudi. Na siku ile nililala. Wewe mwenyewe ulinisukuma ukisema nakoroma."

"Umemuua mwanangu," mama mkubwa akasema, "halafu ukakoroma."

Nilidakia, maana mtu ilibidi aulize. "Baba mkubwa, kuna lolote unalolijua? Kuna mtu aliyekuletea habari ukatuficha?"

"Hakuna," alisema. "Ningeficha nini? Sijui chochote. Nilichoka tu."

Nilikuja nimejiandaa kumkasirikia, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha, lakini ningeiweka wapi? Mzee mwenye mafuta ya mnyororo hadi viwikoni, aliyepewa neno moja la huruma na mgeni akashindwa kulirudisha. Mama mkubwa aliingia ndani akafunga mlango wa chumba cha pasi.

Siku zilizofuata walinifanya mimi simu yao. "Mwambie baba yako chai iko mezani," angesema mama mkubwa, na baba mkubwa yuko hapo hapo, kati yao meza tu. "Mwambie nimeiona," angejibu mwenzake. Nikiwaambia semezaneni, nyote mna masikio, walinitazama wote wawili kana kwamba mkorofi ni mimi. Kwenye hilo tu ndiyo walikuwa kitu kimoja. Mama mkubwa alihamishia godoro chini ya meza yake ya pasi. Akaunguza shuka la hoteli, jambo ambalo sijawahi kuliona katika maisha yangu, alama nzima ya pasi, kahawia, katikati ya shuka. Alilikunja vizuri, alama ikiwa kwa ndani, akaliweka pembeni.

Halafu asubuhi moja akaja saluni, amevaa lile gauni la bluu. "Funga," aliniambia. "Tunakwenda wakarekebishe." Nilikuwa na mteja kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Nikamwomba anisubiri nimalize, akaniambia huruma yangu kwa wateja imezidi, nikamwacha mteja hivyo hivyo nikafuatana naye.

Njiani nilipanga maneno. Nilijua watatuzungusha. Watasema mkubwa hayupo, watasema tuandike barua, watasema njooni wiki ijayo, na mimi nilikuwa nimenoa ulimi kwa kila mmoja wao. Ikawa kazi bure. Tulipofika chumba cha michezo, kibao cha Sumaku hakikuwepo. Kilikuwa kimebanduliwa, ukuta una alama mbili tu za gundi.

"Nilikitoa siku ile ile, mama," yule msichana alisema. "Nilikuwa nakusubiri uje tuandike pamoja."

Akatukaribisha kwenye kiofisi chake, chumba chembamba chenye dirisha dogo, maboksi hadi juu na viti viwili. Mimi nikasimama mlangoni. Akafungua kompyuta, akaandika, akageuza kioo ili mama mkubwa aone. Sumaku, golikipa, akiwa amebebwa na mashabiki baada ya kudaka penalti ya mwisho. Neno lile halikuwepo. Mama mkubwa alishusha pumzi, nami nikashusha yangu. Tungeondoka wakati ule, yote yangeisha pale.

"Tunaweza kuishia hapo," msichana akasema.

"Wenzake wote wana sasa," mama mkubwa akasema. "Kocha ana sasa yake, hata yule diwani anayo. Huyu akose kwa nini?"

"Basi tuandike, mama. Sasa yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo."

"Bado anacheza?"

Nilimwona akipiga hesabu ya umri moyoni. "Hapana, miaka imekwenda. Anafundisha. Anafundisha makipa." Lilitoka bila kujikwaa, na mengine yakalifuata. Vijana wanampenda kwa kuwa hapigi kelele. Ameoa. Mke ni mtu wa huko, mpole, kupiga pasi hajui lakini anajitahidi. Wanakaa ghorofani, nguo wanaanika kwenye roshani, na jua la huko ni dogo, nguo hazikauki kwa siku moja. Msichana alikuwa ameacha kuandika, anamsikiliza tu akitabasamu, maana mama mkubwa akisimulia utapenda. Mimi sikutabasamu. Nilitamani mtu aingie, simu ilie, umeme ukatike.

"Wana mtoto wa kike," mama mkubwa akasema. "Mdomo huu huu wangu."

"Jamani!" msichana akasema kwa furaha ya kweli. "Anaitwa nani?"

Mtu yeyote angeuliza. Bibi akitaja mjukuu unamuuliza jina, ni heshima tu. Mama mkubwa akafungua kinywa. Kazi na nyumba hazina shida kuzitunga, tunaziona za watu kila siku. Lakini jina la mjukuu wako unaambiwa. Unapigiwa simu, unaambiwa amezaliwa, tumemwita fulani, na ukilisikia unalitamka mara mbili tatu kulizoea. Angeweza kutaja lolote, hata lake mwenyewe. Niliona likimfika kooni na kurudi chini. Feni ilikuwa inazunguka juu ya maboksi. Msichana alikuwa bado anasubiri, tabasamu likianza kumkauka.

"Futa, mwanangu," mama mkubwa akasema.

"Nifute hili la mtoto?"

"Yote. Sijui yuko wapi. Sijui kama alioa. Sijui kama hata lile gari la pili lilifika." Alinigeukia mimi. "Umemsikia huyo mtu niliyemtaja? Nimemtunga sasa hivi, kwenye kiti hiki. Na ni huyo huyo niliyekaa naye nyumbani miaka yote hii. Mwanangu simjui."

Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia hatuna uhakika, kuna watu wanarudi, kuna mtu namjua. Nilisikia ninavyozungumza, nikaona nimesimama kibandani kwa baba mkubwa pamoja na wale wapita njia wote.

"Lile la mwanzo unalo bado?" alimuuliza msichana.

"Lipo, mama. Lakini..."

"Lirudishe."

Msichana alivuta droo akakitoa kibao. Tulikwenda naye hadi kwenye picha, akakibandika, kikakaa upande. Mama mkubwa akamwambia kimeenda chini kushoto, akinyanyue kidogo, hapo, sasa kimenyooka. Kisha akaniomba nimtoe nje, kwamba ndani kuna baridi.

Tulikaa kwenye ngazi za mbele. Watu walikuwa wanaingia na tiketi zao, wengine wanajipiga picha mlangoni, na sisi tumekaa katikati ya njia, wanatuzunguka. Sikulia, maana yeye hakulia, na niliogopa nikianza mimi yeye atalazimika kunibembeleza. Nilikuwa nimemshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto, kama kawaida yake.

"Tangulia nyumbani," alisema baadaye. "Mwambie mume wangu afunge kibanda, atoe viti nje. Halafu pita mtaani, uwaambie tuna msiba."

"Watauliza maswali, mama mkubwa. Watauliza amefia wapi, mwili unakuja lini."

"Waambie hatujui."

"Na wakiuliza amefariki lini?"

Aliwatazama watu wanaoingia kwa muda, akavuta pindo la gauni likafunika magoti.

"Leo," alisema. "Waambie leo asubuhi."